Bwana Mifugo Aliyewasubiri Korongo

Sisi wa Ngulyati tulimwita Bwana Mifugo, na alikuwa mwanamke. Aliyemtangulia kwenye kazi hiyo alikuwa mwanamume, akahamishwa, jina likabaki palepale likimngoja wa kulivaa. Wageni wa wilayani walipojaribu kurekebisha wakasema Bibi Mifugo, yeye aligeuka kutazama nyuma kana kwamba anaitwa mtu mwingine. "Msinichanganyie watu," aliwaambia. Watoto walimwamkia, "Mwangaluka, Bwana Mifugo," naye akaitikia "Mwangaluka" huku akisukuma pikipiki yake, maana pikipiki ile aliisukuma zaidi ya alivyoipanda.

Mimi nilikuwa jirani yake. Ua wake na wangu ulitenganishwa na minyaa tu, na minyaa haizuii maneno. Ni mjane, nachuuza dagaa, nina ng'ombe wachache alioniachia marehemu, na kwa ajili ya hao ng'ombe ndiyo tukazoeana. Kwao ni wapi na alikulia kwa nani alinieleza mara nyingi, lakini sikushika. Nilichoshika ni jinsi alivyokuwa.

Alikuwa mtu wa ng'ombe asiyekunywa maziwa. Yalimvuruga tumbo. Ukimkaribisha kwako ukamletea kibuyu cha maziwa ya mgando, heshima kubwa kabisa tuliyo nayo, alikipokea kwa mikono miwili, akakisifia, akasimulia habari za Bariadi mjini mpaka ukajisahau, kisha kibuyu kikaonekana kwa mtu wa pembeni. Kila mtu aliujua mchezo huo. Tuliendelea kumletea, naye aliendelea kupokea.

Kisha alikuwa anaogopa kuku. Sitanii. Mtu aliyewatetea ndege wa porini kuliko yeyote niliyepata kumwona, kuku akimrukia alipiga yowe. Siku moja ng'ombe wangu alikwama kuzaa. Bwana Mifugo akavua saa, akajipaka sabuni mpaka begani, akaingiza mkono, akaanza kumvuta ndama taratibu huku akimbembeleza yule ng'ombe kwa Kisukuma chake kibovu. Miguu ya ndama ikatokeza. Hapo jogoo wangu akaruka kutoka juu ya boma akatua mgongoni mwake. Kilichofuata ni mimi peke yangu nimeshikilia miguu ya ndama, na mtaalamu yuko ng'ambo ya minyaa anapiga kelele, "Mtoe! Mtoe kwanza huyo shetani!" Ndama alitoka salama, jogoo akaliwa jioni ileile. Bwana Mifugo hakuja kula.

Nikimkumbuka namwona akiwa amesimama katikati ya nyasi, anazipima kwa goti lake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: ng'ombe hawaingii kwenye kipande mpaka nyasi zifike gotini kwa Bwana Mifugo, na zikishaliwa mpaka kwenye kifundo cha mguu wake, wanatoka. Kwa kuwa alikuwa mrefu, wenye mifugo walilalamika kwamba serikali ingetuletea mfupi tungekuwa tunalisha mapema zaidi. Mwenyekiti wa kamati ya malisho alimwambia hivyo mbele za watu. Yeye akamjibu, "Basi andika barua, mwenyekiti. Omba mbilikimo." Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika.

Inabidi nieleze mambo ya vipande. Wazee wetu walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, mtu alifunga sehemu ya mbuga, ng'ombe wasikanyage, nyasi zikasimama zikakomaa, na kiangazi kikibana anafungua ng'ombe wapate cha kula. Kila ukoo ulikuwa na ngitili yake. Halafu zikafa, na kufa kwake kuna mkono wa Bwana Mifugo mwenyewe. Alipokuja kwetu akiwa bado msichana, alipita nyumba kwa nyumba akihimiza tuzichome. Nyasi ndefu zinafuga kupe, alisema. Choma, kupe wafe, majani mabichi yachipue. Ndivyo alivyofundishwa. Baba mkwe wangu alichoma ya kwake, wengine wakafuata, na wengine wakaona kwamba eneo lililochomwa linafaa kulimwa pamba. Baada ya miaka kadhaa mbuga ikawa ngumu na nyeupe, mvua ikinyesha maji yanapita juu yakienda zake.

Mambo hayo aliyasema mwenyewe kwenye dagashida, mkutano wetu wa kijiji, siku aliyokuja kuomba ngitili zirudi. Alisimama akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia mchome. Nilikosea." Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa unataka tukuchome wewe?" Akajibu, "Mkinichoma nyasi zitarudi? Zikirudi, nichomeni." Hakucheka. Nadhani ndipo watu walipoanza kumsikiliza, ingawa wapo waliomnung'unikia mpaka anaondoka.

Alichoomba kilikuwa kigumu kuliko kufunga mbuga. Alitaka ng'ombe wa nyumba zote wachungwe kundi moja, walishwe kipande kimoja kwa siku chache wakiwa wamebanana, waikanyage ile ardhi ngumu ipasuke, waiachie samadi, halafu wahame, kipande kipumzike mpaka goti lake liseme. Sasa kwetu kuchanganya ng'ombe si jambo la kuamka tu ukafanya. Kila boma lina kinga yake iliyofukiwa mlangoni. Kuna majirani ambao macho yao hutaki yamguse ng'ombe wako hata akiwa mbali. Mimi mwenyewe nilikuwa na mmoja wa kumkwepa, na najua kuna aliyenikwepa mimi.

Bwana Mifugo hakututukana wala hakutuhubiria. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike jekundu lililovunjika pembe. Alimtoa akamfunga katikati ya mbuga, akasema, "Wa kwangu hana kinga yoyote. Mkitaka kujaribu jicho, jaribuni kwake." Jike lile likakaa pale likila na kucheua, siku zikapita, halikukonda. Akaja mwingine akamfunga wake, kwa mbali kidogo. Mimi nilipeleka wangu kwa kuona haya tu, kwa sababu ni jirani. Mwaka uliofuata lilikuwa kundi, vumbi lake ukiliona toka barabarani.

Nyasi zilirudi. Siwezi kueleza vizuri furaha ya kuona nyasi zimerudi mahali ambapo ulishazoea udongo. Na zikirudi haziji peke yake. Yangeyange walikuwepo siku zote, hao wanafuata miguu ya ng'ombe popote. Walianza kurudi kwale, ukipita wanafurumuka miguuni pako mpaka moyo unaruka. Wakaja wale weusi wenye mikia mirefu ambao wakati wa mvua madume yao hurukaruka juu ya nyasi kutwa nzima wakitafuta wake. Akaonekana tandawala, ndege mkubwa kama beberu, anatembea polepole anatazama huku na huku kama mkaguzi wa shule. Majina yao Bwana Mifugo hakuyajua, na hakujisumbua kuyajua. Wote aliwaita wapangaji.

"Jirani, kipande cha kusini msiguse," aliniambia juu ya minyaa. "Wapangaji wana watoto."

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako wana miguu, watapelekwa kwingine. Yai lina miguu?"

Ndipo ikaingia desturi ya kuacha kipande kimoja, kile cha bondeni penye maji, kisiguswe kabisa mvua nzima. Kilikuwa cha mwisho kufunguliwa, na kilifunguliwa pale tu vifaranga vilipokuwa vimeruka. Lakini msidhani alikuwa malaika. Tulialikwa kwa mwenyekiti, tukapakuliwa ugali na kwale wa kukaanga, na mimi nikamwangalia atafanya nini. Alikula. Alikula paja, akala kifua, akanyonya mifupa, akalamba vidole. Alipomaliza kunawa akauliza kwa upole, "Mtamu. Nani kamtega?" Kijana wa nyumba hiyo akajisema kwa fahari. Kesho yake kijana huyo alikuwa bondeni anaziba mianya ya uzio kwa miiba, na Bwana Mifugo amekaa juu ya pikipiki anamwonyesha mianya aliyoiruka.

Hata hivyo hao wote hawakuwa anaowataka. Alikuwa anawasubiri korongo, wale wenye taji la dhahabu kichwani. Aliwaona asubuhi ya kwanza kabisa alipofika kwetu na begi lake, ameshushwa na lori, hajui aende wapi. Alinisimulia tukiwa tunabangua karanga. "Walikuwa wanacheza, jirani. Anainama huyu, anainama huyu, wanaruka pamoja mabawa yamefunguka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia nataka kurudi nyumbani. Nikasema, aa, kumbe huku kuna watu. Nitakaa." Akapepeta maganda. "Halafu nikaja nikawachomea nyumba."

Hilo halikumtoka. Aliyepita bondeni akirudi, yeye alimuuliza tu, "Umewaona?" wala hakuna aliyeuliza wepi. Aliuliza wachungaji, aliuliza akina mama wa kuni, aliuliza hata kondakta wa basi la Bariadi. Miaka ikaenda. Nyasi zilisimama, maji yakarudi kukaa bondeni, kwale wakazaana, na korongo hawakuja. Wakati mwingine jioni nilimwona amekaa nje anatazama upande ule, chai inapoa, nikamwacha. Kuna kungoja ambako mtu hapendi kuingiliwa.

Alistaafu bila kuwaona. Binti yake anayefanya kazi Lamadi akaja kumchukua, vyombo vikapakiwa kwenye gari, lile jike jekundu akaniachia mimi. Hakuaga kwa maneno mengi. Alinishika mkono akasema, "Kipande cha bondeni, jirani." Nikamwambia, "Nimesikia, mayu." Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomwita mayu, mama, na sijui kwa nini nilikuwa nimechelewa hivyo. Gari likaondoka. Niliporudi uani nilisema jambo kwa sauti kuelekea kwenye minyaa, kwa mazoea, na hakuna aliyejibu. Nilimkosa kwa namna ambayo sikuitarajia, kuliko nilivyowakosa baadhi ya ndugu zangu wa damu. Nyumba yake amepanga mwalimu mwenye redio. Ni mtu mwema, lakini hana la kunikaripia.

Mwaka huu wakaja.

Mchungaji mmoja alikuja mbio kuniita, nikaenda nikiwa na beseni la dagaa kichwani. Wawili, jike na dume, wamesimama kwenye maji ya bondeni na yale mataji yao yanameta. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kama nimefiwa. Baadaye tukaona kiota, na baada ya kiota, kifaranga mmoja wa rangi ya majani makavu, anawafuata nyuma. Siku hiyo niliwarekodi sauti kwenye simu. Nilitaka nimpelekee.

Lakini mwaka huu mvua zilikatika mapema. Mtama uliungua, vipande vyote vikaliwa mpaka chini ya kile kifundo cha mguu, na ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Ndama wangu mmoja alikufa. Zilizobaki ni nyasi za kipande cha bondeni peke yake, zimesimama mpaka kiunoni, na kifaranga yumo ndani, hajui kuruka. Ng'ombe wakiingia, wachungaji na mbwa wanaingia, na kifaranga wa korongo hana umri wa kuwakimbia mbwa. Kamati ilikaa. Waliosema tufungue walikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja wao moyoni, ila sikunyoosha mkono. Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe unakwenda Lamadi kununua dagaa. Muulize Bwana Mifugo. Akisema fungueni tunafungua, akisema msifungue basi tutajua la kufanya." Nikakubali. Niseme kweli: nilikuwa nakwenda kuomba ruhusa. Nilitaka aniondolee mzigo ule.

Binti yake anakaa nyuma tu ya barabara kuu, na malori hayakomi. Nilimkuta Bwana Mifugo amekaa kibarazani, amepungua mwili, ameshika kikombe cha chai ya rangi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Alinitazama, akanitambua, uso ukafunguka wote. Binti akaniambia, "Sema kwa nguvu, mama yangu. Amebakiza kusikia kidogo tu sikio la kulia."

Nikainama sikioni nikapiga kelele, "Wamekuja!"

Hakuuliza nani. Akaninyooshea kikombe, nikakipokea. Nikatoa simu nikaiweka sikioni pake, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akasikiliza kwa bidii, macho ameyafumba. Akatikisa kichwa. "Siisikii, jirani. Nasikia malori tu." Akarudia kujaribu, akairudisha simu. Kisha akasema, "Nionyeshe. Walicheza?"

Mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu. Nilisimama pale kibarazani nikakaza kanga, nikainama, nikainuka, nikafungua mikono nikaruka, nikageuka nikawa yule mwingine nikainama tena. Madereva waliokuwa wanakunywa chai ng'ambo waliacha kunywa. Binti yake akajiziba mdomo kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wake akipita, na midomo ilikuwa inasema kitu ambacho hakina sauti. Nikacheza mpaka magoti yakagoma, nikakaa miguuni pake nahema.

"Wana mtoto?" akauliza.

Nikashusha kiganja nikamwonyesha kimo chake kutoka sakafuni.

Akakitazama kiganja changu pale kilipokuwa. Akahesabu miezi kwa vidole, akaangalia anga lisilo na wingu, na nikajua ameshaelewa kilichonileta. Huyo alikuwa Bwana Mifugo, huwezi kumficha kiangazi.

"Nyasi zimebaki wapi?"

"Hapohapo walipo. Pengine pote zimekwisha."

"Na ng'ombe?"

Nikamweleza. Mbavu, ndama aliyekufa, na lile jike lake jekundu ambalo sasa linainuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia. Nilisema kila kitu kwa kupiga kelele, na jambo la namna hiyo likisemwa kwa kelele linauma mara mbili. Alishika ukingo wa kiti. Malori yalikuwa yanapita, nami ninaomba kimoyomoyo aseme ninachokitaka.

"Fungueni," akasema.

"Mayu."

"Fungueni, jirani. Watu hawawezi kufa njaa kwa sababu ya hamu yangu." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga. "Nimeshawaona. Si umenichezea?" Akamwita binti aniletee soda, akaanza kuniuliza habari za mwenyekiti na ugomvi wake wa mpaka, na hakurudi tena kwenye mambo ya korongo mpaka nimeaga.

Ndani ya basi nilikuwa na ruhusa niliyoitaka, na nilijisikia kama nimeiba. Maisha yake yote pale kwetu nilimwona akiomba kitu kimoja tu. Siku kilipokuja, akatuachia sisi, bila hata kusubiri niombe. Nikatazama dirishani mashamba yaliyokauka, nikafikiria ng'ombe wangu na ng'ombe wa wenzangu, nikamfikiria na yule kifaranga. Nilipofika Ngulyati kamati walikuwa wameshakaa wananingoja. Hata dagaa sijashusha, mwenyekiti akauliza, "Haya. Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema msifungue."

Walinuna. Mmoja akatoka nje akatema mate. Lakini hakuna aliyebisha, maana waliamini ni neno lake, na kabla jua halijazama walishaanza kugawana kazi: nani aende Bariadi kutafuta mashudu ya pamba, nani akakate mabua ya mtama yaliyosimama mashambani. Nami nikachukua panga nikaenda kukata ya kwangu. Jike jekundu lilitafuna mabua yale makavu kwa shida, povu linamtoka, na mimi nilisimama kando yake nikilia na kumwomba avumilie. Bondeni kifaranga bado yupo, anajaribujaribu mabawa. Kule Lamadi, Bwana Mifugo anaamini tumeshafungua.